Aliyekuna Nazi Hii ni Nani? Historia ya Chakula cha Kopo, Chupa na Boksi, na Wanawake Waliotia Mkono Ndani



Wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wetu tulikaa jikoni kwa bibi tukipanga vitu vya kabati lake jipya. Kila mmoja alileta alichojaaliwa: mchele wa pakiti, maziwa ya unga, nyanya za kopo, bizari ya pilau iliyokwisha kusagwa, na tui la nazi la boksi, maboksi 12 mazima. Bibi akachukua boksi moja, akaligeuza juu chini, akalitikisa karibu na sikio, kisha akauliza: "Aliyekuna nazi hii ni nani?"

Tukacheka. Tukamwambia, "Bibi, hiyo hakukuna mtu, imekunwa na mashine."

Bibi hakucheka. "Hata mashine ina mwenyewe," akasema, akalirudisha boksi mahali pake.

Neno lile halikututoka. Bibi yetu katika maisha yake ya ndoa alimjua kila mtu aliyegusa chakula chake. Nazi aliikuna mwenyewe juu ya mbuzi, tui akalichuja kwa kifumbu chake. Samaki alimjua mvuvi wake. Maziwa alimjua mwenye ng'ombe, na alijua kama mtu huyo ana tabia ya kuongeza maji. Mdogo wetu anaanza nyumba yake akiwa na kabati zima la vitu ambavyo hakumwona hata mtu mmoja akivitengeneza. Je, imani hii tunayoweka katika kopo na boksi imetoka wapi? Nani aliijenga? Na sisi, kama wake na mama, na wengine wetu kama wauzaji, tuna sehemu gani ndani yake?

Basi leo, InshaAllah, tukae kidogo na historia.

Suke la Nabii Yusuf (A.S.)

Tukianza kwa kitabu chetu, tunakuta somo la kuhifadhi chakula ndani ya Surat Yusuf. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Nabii Yusuf (A.S.) akaifasiri ndoto ile kuwa ni miaka ya neema ikifuatwa na miaka ya njaa. Hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa na njia: wakivuna, nafaka waiache ndani ya masuke yake, ila ile kidogo ya kula.

Mkulima yeyote atakwambia kwa nini. Punje iliyobaki na ganda lake haishambuliwi upesi na wadudu wala unyevu kama ile iliyopukuchuliwa. Suke ni kifungashio alichokiumba Mwenyezi Mungu mwenyewe, na kazi yake ndiyo ile ile ya kopo na boksi la leo: kuzuia kilichomo nje kisiingie ndani. Sisi watu wa visiwa tunalijua hilo vyema. Nazi ikiwa na kifuu chake hukaa muda mrefu. Ukishaivunja, ukiiacha mpaka kesho yake kwenye joto, inachacha.

Mkono ndani ya lundo

Mafunzo ya pili yanatoka soko la Madina. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita kwa mtu aliyekuwa akiuza chakula kilichorundikwa. Kwa juu kilionekana kizuri. Mtume (S.A.W.) akatia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye mali kulikoni, naye akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tuizingatie sana hadithi hii, kwani ndiyo itakayotuongoza katika makala yote. Kosa la mtu yule halikuwa mvua. Mvua ni kadari ya Mungu. Kosa lake ni kukifukia kilicholowa chini ya kikavu.

Na kwa faida ya sisi wanawake, baadhi ya vitabu vya habari za masahaba vimetaja kwamba Ash-Shifa bint Abdullah (R.A.), aliyejua kuandika wakati wanaojua walikuwa wachache, na aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.) kuandika, pengine alipewa na Sayyidna Umar (R.A.) baadhi ya mambo ya soko. Wanazuoni wamezungumza juu ya nguvu ya pokezi hiyo, lakini heshima yake kama mwanamke wa elimu haina mjadala.

Kanda, pakacha na debe

Kwetu huku, kwa karne nyingi, vifungashio vilitokana na miti na vidole vya wanawake. Tende ziliingia bandarini kwa majahazi ya msimu wa kaskazi zikiwa zimeshindiliwa ndani ya makanda. Papa na ng'onda walikuja wamekaushwa kwa chumvi na jua, njia ya kuhifadhi isiyohitaji chombo chochote. Mihogo na maembe yalibebwa kwenye pakacha la makuti. Halua ilifungwa ndani ya kijikapu cha ukindu, na mpaka leo halua ya harusi iliyomo ndani ya kikapu chake ina haiba ambayo ndoo ya plastiki haiipati.

Vifungashio hivi vyote vina sifa moja: vinaona na vinaonekana. Kanda unalibonyeza. Papa unamnusa. Mchele unapimwa kwa kibaba na pishi mbele ya macho yako, na pishi ile ile ndiyo tunayoikumbuka kila mwisho wa Ramadhani tunapotoa zakatul-fitri. Mnunuzi alikuwa na nafasi ya kutia mkono.

Kisha likaja debe. Mafuta ya taa yaliletwa kutoka nje yamo ndani ya mikebe ya bati ya galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakesha, bati likabaki, na watu wetu hawatupi kitu: likatekea maji, likawekewa samli, likapimia mahindi na mbaazi, mpaka likawa kipimo kinachojulikana Afrika Mashariki nzima. Tunasema debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe lililojaa na kufungwa, hilo halisemi neno. Hujui limebeba nini mpaka ulifungue.

Chupa za Appert

Chombo kile cha bati kilichofungwa kikatunza chakula kina historia yake, na inaanzia kwa mpishi wa vitu vitamu, kama hawa wapishi wetu wa halua. Jina lake Nicolas Appert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1749. Alijaza chakula ndani ya chupa nzito za kioo, akaziba kwa kizibo na nta, akazifunga kwa waya, kisha akazichemsha chupa zenyewe ndani ya maji ya moto kwa saa kadhaa. Alikaa miaka akijaribu: supu, njegere, maziwa, matunda. Vikakaa miezi bila kuharibika. Mwaka 1810 Serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba siri yake aichapishe ili watu wote wafaidike, naye akaichapisha.

Cha ajabu, Appert hakujua kwa nini inafanya kazi. Aliona tu kwamba inafanya. Ilibidi kungojwa mpaka miaka ya 1860, Louis Pasteur alipothibitisha kwamba chakula huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba moto huviua. Subhanallah, nusu karne mtu anafuata njia sahihi bila ya kujua sababu yake.

Mwaka ule ule wa 1810, huko London, Peter Durand aliandikisha hati miliki ya njia hiyo, akitaja pia vyombo vya bati badala ya kioo. Kufikia 1813 Bryan Donkin na wenzake walikuwa na kiwanda Bermondsey, na makopo yao yakipelekewa jeshi na wanamaji wa Uingereza. Makopo yalikuwa mazito, yamelehemiwa kwa mkono, na hakuna aliyefikiria namna ya kuyafungua! Watu waliambiwa watumie patasi na nyundo. Kifaa cha kufungulia kopo kilichopewa hati miliki Marekani, cha Ezra Warner, kilikuja mwaka 1858. Basi dada, ukivunjika ukucha kwenye kifuniko cha kopo la tuna, shukuru hujazaliwa zama zile.

Kopo halina dirisha

Sasa lundo la Madina limefunikwa bati. Mkono hauingii tena.

Mwezi wa Januari 1852, wakaguzi wa jeshi la wanamaji la Uingereza walifungua makopo ya nyama huko Gosport. Walifungua mamia, na mengi mno kati ya hayo yalikuwa yameoza. Baadhi yalikuwa na viungo vya mnyama ambavyo mkataba haukuviruhusu kabisa. Mwenye tenda, Stephen Goldner, alikuwa ameuza kwa bei ya chini kuliko wenzake, na kwa miaka mabaharia walikuwa wakilalamika. Lakini kopo likifungwa lote huwa sawa: zuri na bovu havina tofauti kwa nje.

Na haikuwa makopo peke yake. Kati ya 1851 na 1854 daktari wa London, Arthur Hill Hassall, alinunua vyakula vya dukani kama mteja wa kawaida, akavitazama kwa hadubini, na matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la *The Lancet*, pamoja na majina ya wauzaji. Mkate uliwekwa shabu ili uwe mweupe. Kahawa iliyosagwa ilichanganywa na mizizi iliyokaangwa. Pilipili nyekundu ya unga ilitiwa rangi ya risasi, na peremende za watoto zilipambwa kwa rangi zenye sumu. Ninyi mnaotoka nyumba za viungo, fikirieni hilo: pilipili yenye risasi!

Mwaka 1858 mji wa Bradford ulipata msiba. Muuzaji wa peremende alizoea kupunguza gharama kwa kuchanganya sukari na unga wa jasi. Siku hiyo, kwa makosa dukani, badala ya jasi ulichukuliwa unga mweupe wa aseniki. Watu wapatao 20 walifariki na wengine wapatao 200 waliugua, wengi wao watoto. Tazama namna dhambi ndogo inavyofungua mlango. Kama hakungekuwa na desturi ya kughushi sukari, aseniki isingepata njia ya kuingia. Miaka miwili baadaye, 1860, Uingereza ilipitisha sheria yake ya kwanza dhidi ya kughushi vyakula kwa jumla.

Wanawake waliotia mkono

Hapa ndipo tulipofurahi zaidi wakati tukisoma. Kwa sababu vitabu vingi hutaja Appert na Pasteur kisha vikanyamaza, na mtu akadhani wanawake walikuwa wakila tu. La, hasha.

*Margaret Knight* alizaliwa mwaka 1838 huko Maine, Marekani, na alifanya kazi kiwanda cha pamba tangu utotoni. Baadaye, akiwa katika kampuni ya mifuko ya karatasi, aliona kwamba mifuko ya wakati ule haina kitako. Ni kama bahasha, haisimami. Akabuni mashine ya kukata, kukunja na kugundisha mfuko wenye kitako bapa. Mwanamume mmoja, Charles Annan, aliiona mashine ikitengenezwa, akaenda kuiandikisha kwa jina lake. Knight hakukaa akalia. Alimpeleka mbele ya sheria, akaleta michoro yake, kumbukumbu zake na mashahidi, akashinda. Hati miliki akaipata 1871. Ule mfuko wa kaki unaosimama wenyewe unapotiwa unga ni kizazi cha mashine yake. Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, karatasi ikarudi mikononi mwetu pamoja na kikapu cha ukili.

*Amanda Theodosia Jones* alikuwa mshairi na mwalimu. Mwaka 1873 alipata hati miliki za njia ya kuhifadhi chakula kwa kunyonya hewa ndani ya chombo, ili matunda yasilazimike kupikwa mpaka yapoteze ladha. Mwaka 1890 huko Chicago alianzisha kampuni, Woman's Canning and Preserving Company, akaijaza wanawake kuanzia wenye hisa mpaka wajaza chupa. Yeye mwenyewe hakudumu nayo miaka mingi, lakini njia yake ya kunyonya hewa iliendelea kuishi.

*Ellen Swallow Richards* ndiye wa kwanza kati ya wanawake kukubaliwa katika chuo cha teknolojia cha MIT, na alihitimu mwaka 1873. Alikuwa mkemia, lakini maabara yake aliielekeza jikoni. Mwaka 1885 alitoa kitabu kuhusu vyakula na namna vinavyoghushiwa, akiwaandikia wanawake wa nyumbani wajue wanachokinunua. Aliamini kwamba mama wa nyumba ana haki ya kujua kemia ya sufuria yake. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1895, mwenye kiwanda mmoja alileta makopo yake yaliyovimba. Samuel Prescott na William Lyman Underwood walionyesha kwamba baadhi ya vijidudu huhimili maji yanayochemka, na ndipo viwanda vikaanza kupima joto na muda kwa hesabu badala ya kukisia.

*Mary Engle Pennington*, aliyezaliwa 1872, alisomea kemia chuoni Pennsylvania. Kwa kuwa ni mwanamke, chuo kikakataa kumpa shahada ya kwanza, kikampa cheti tu. Hakurudi nyuma. Mwaka 1895 akapata shahada ya udaktari. Huko Philadelphia aliona watoto wakiugua kwa aiskrimu ya wauza mitaani. Badala ya kuanza na faini, aliwaita wale wauzaji akawaonyesha chini ya hadubini vijidudu vilivyotoka kwenye vyombo vyao wenyewe. Wengi walishtuka, wakakubali kuchemsha vyungu na upawa. Alipofanya mtihani wa kazi serikalini mwaka 1907 alijiandikisha kwa herufi tu, M. E. Pennington, wasijue ni mwanamke. Mwaka 1908 akawa mkuu wa maabara ya utafiti wa chakula, akafanya kazi kubwa juu ya kuku, mayai na mabehewa ya barafu, pamoja na vifungashio vinavyozuia mayai yasivunjike njiani.

Hawa si wanawake wa dini yetu, na maisha yao si yote ya kuigwa. Lakini kazi ile, ya kutia mkono ndani ya lundo ili unyevu uonekane, tunaijua ilikotoka, na hekima ni kitu cha muumini popote aipatapo.

Na boksi la bibi?

Tukarudi kwenye lile boksi la tui. Lina asili yake Sweden, mji wa Lund. Ruben Rausing alikuwa akitafuta namna ya kufunga maziwa kwa karatasi, na mwaka 1944 Erik Wallenberg, aliyekuwa maabarani kwake, akabuni umbo la pembe nne lililokunjwa kutoka mrija mmoja wa karatasi. Tatizo likawa hewa inayobaki juu ya maziwa. Inasimuliwa kwamba mke wa Rausing, Elisabeth, ndiye aliyependekeza mrija ufungwe huku maziwa yakiendelea kuteremka ndani yake, kama mtu anavyojaza soseji. Kampuni ya Tetra Pak ilianzishwa 1951. Mwaka 1961 ikaonyesha mashine ya kufunga maziwa bila vijidudu: maziwa yanapandishwa joto la juu sana kwa sekunde chache, boksi nalo linasafishwa mbali, na viwili hivyo vinakutana mahali safi. Boksi lina tabaka za karatasi, plastiki na aluminiamu nyembamba. Ndiyo sababu tui linakaa kabatini miezi bila friji, na ndiyo sababu likishafunguliwa linakuwa sawa na nazi iliyovunjwa: litumie upesi au liweke kwenye baridi.

Chupa zetu 24

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuwalaumu wenye viwanda. Lakini tuna jambo letu la kusema, na tunalisema kwa aibu.

Ramadhani moja tulitengeneza achari ya embe tukauza chupa 24 kwa jamaa na majirani. Ndimu na siki zilikuwa ghali siku hizo. Tukapunguza siki, tukaongeza maji ya kuchemsha, na chupa tuliziosha kwa sabuni tu bila kuzichemsha. Ladha haikupungua. Siku ya nne tukaona vifuniko vya chupa mbili tulizobakisha vimeinuka, na ndani kuna povu. Chupa 22 zilikuwa tayari nyumba za watu, na moja ilikuwa imepelekwa kwa bi harusi.

Mmoja wetu akasema, tunyamaze, nani atajua imetoka kwetu? Pale ndipo hadithi ya lundo ilipotukaa kooni. Mvua ilishanyesha. Iliyobaki ni kuamua: tunaweka kilicholowa juu, au tunakifukia? Tukapita nyumba moja moja, tukarudisha fedha, tukazichukua chupa. Alhamdulillah hakuna aliyedhurika. Yule bi harusi alitupa chupa yake na kusema, "Hata sikuifungua, niliona kifuniko kimevimba."

Baadaye tukajifunza kosa letu. Uchachu ndio ulinzi wa achari. Chakula chenye uchachu wa kutosha, yaani kipimo cha pH kisichozidi 4.6, hakimpi nafasi kijidudu kinachotoa sumu ya botulini. Ukiongeza maji ukapunguza siki, umeubomoa ukuta. Vyakula visivyo na uchachu, kama samaki, nyama, maharage na tui lenyewe, haviwi salama ndani ya chupa kwa kuchemsha kwa sufuria ya kawaida. Huhitaji joto la nyuzi 121 chini ya shinikizo. Kwa hivyo tui la kujaza chupa nyumbani na kuliacha kabatini, tafadhali msijaribu. Ligandisheni kwenye friza.

Kwa bi harusi anayepanga kabati

Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, vyote viwili pamoja. Kopo linaweza kuwa halali na likawa bovu, na linaweza kuwa safi na likawa si halali. Basi mkono wako wa kutia ndani ya lundo leo ni macho yako:

- Kopo lililovimba, linalovuja, au lililopondeka kwenye mshono, usilionje. Litupe, hata kama bei yake ilikuuma.
- Soma viambato. E441 ni jelatini, na jelatini hutokana na mnyama, basi uliza ni mnyama gani. E120 ni rangi inayotokana na wadudu. E471 inaweza kutoka kwa mimea au mnyama. Ukiona alama ya halali, tazama na jina la chombo kilichoitoa. Penye shaka, uliza wenye elimu.
- Angalia tarehe, na usidanganywe na stika mpya iliyobandikwa juu ya ya zamani.
- Na wewe unayeuza ubuyu, bizari, achari au kachori kutoka jikoni kwako: andika kilichomo, siku uliyotengeneza na namba yako ya simu. Ukiweza, pitia Taasisi ya Viwango Zanzibar wakuelekeze. Namba ile ya simu ndiyo jibu la swali la bibi. Inasema: nazi hii nimeikuna mimi, nami nipo.

Siku ya kuhamisha vyombo, tulimsimulia bibi habari hizi zote, kuanzia Appert mpaka Lund. Alisikiliza huku akichambua mchele. Tulipomaliza, aliingia ndani akatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mti iliyolainika kwa kukaliwa, akaiweka juu ya maboksi 12 ya mdogo wetu.

"Siku ya haraka, fungua boksi," akamwambia. "Lakini mbuzi hii isipate utando wa buibui, mwanangu."

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, tujaalie tuwe waaminifu katika tunachokipika na tunachokiuza, na uwape baraka maharusi wetu wote katika majiko yao mapya. Amin.

Wallahu a'alam.